GP wa NHS au wa kulipia: nijiandikishe wapi?

Swali: Nimehamia Leicester juzijuzi, napanga chumba. Mapokezi kwa GP wamenidai bili ya umeme yenye jina langu, nami sina. Rafiki ananishauri nijiandikishe kliniki ya binafsi. Nikifanya hivyo, NHS si itanifuta?

Jibu: Haikufuti, unaweza kuwa na wote wawili.

Hiyo bili isikusumbue. Hapa Uingereza, kujiandikisha kwa GP wa NHS ni bure, na hakuhitaji kitambulisho, uthibitisho wa makazi wala karatasi za uhamiaji. Wanaruhusiwa kuziomba, ila kukosa kwako si sababu ya kukukataa. Rudi, omba fomu ya kujiandikisha, ujaze. Wakikataa, waambie wakuandikie sababu. Mara nyingi hapo sauti hubadilika. Sababu halali zipo, kwa mfano unaishi nje ya eneo lao au orodha imejaa. NHS ina GP mmoja kwa kila mtu: ukihama, faili lako linakufuata.

Wa binafsi hajali unaishi mtaa gani. Unajaza taarifa zako, unatoa kadi ya benki, unaonwa, pengine siku hiyohiyo. Lakini kwa kawaida haoni faili lako la NHS, na dawa atakazoandika utazilipia bei kamili dukani. Kwa hiyo ukienda kwake, mwombe ampelekee GP wako barua, hasa kama una presha au kisukari.

Anza na NHS.