Kuanza Kuvua kwa Mshipi Mbaraki: Maji Husomwa Kabla ya Ndoana Kutupwa

Jioni za mwisho wa wiki, kando ya maji kutoka Mbaraki hadi Likoni na Mama Ngina, huonekana watu waliokaa juu ya mawe na mishipi mikononi. Baadhi ni wavuvi wa siku nyingi. Wengine wamenunua uzi asubuhi ile ile, na makala haya ni ya hao wa pili.

Vifaa vya kuanzia ni vichache: uzi wa nailoni wa mita 50, unene wa milimita 0.6 hivi, uliozungushwa kwenye chupa tupu ya plastiki, ndoana chache, chubwi, yaani kipande cha risasi cha kuzamisha mshipi, kisu na ndoo. Nambari za ndoana huwachanganya wengi, kwa kuwa kadiri nambari inavyopanda ndivyo ndoana inavyokuwa ndogo. Nambari 8 inawafaa changu wadogo na tafi. Anayenunua ndoana kubwa kwa tamaa ya samaki mkubwa atakuwa akiwalisha wadogo chambo chake jioni nzima.

Chubwi ndilo hubeba mshipi. Katika mito ya baridi ya milima ya Aberdare, ambako samaki aina ya trauti waliletwa kutoka Uskoti mwaka 1905, wapo wanaovua kwa nzi wa bandia asiye na uzito wowote. Huko uzi wenyewe ndio mzito, na kuurusha ni ufundi wa kujifunza kwa miezi. Mshipi wa pwani hauhitaji hayo. Chubwi hufungwa mwisho kabisa, na ndoana huning'inia pembeni, kiasi cha sentimita 30 juu yake. Wazoefu hufunga chubwi kwa uzi mwembamba kuliko mshipi, ili likinasa kwenye mawe likatike peke yake na ndoana irudi.

Fundo la ndoana ni rahisi. Ncha ya uzi hupitishwa kwenye tundu, huzungushwa mara tano au sita juu ya uzi wenyewe, kisha hurudishwa ndani ya kitanzi kilicho karibu na tundu. Hulowanishwa kwa mate kabla ya kukazwa, maana nailoni kavu hupata joto inapokazwa na kudhoofika. Chambo ni kipande cha kamba au ngisi, kidogo tu, kiifunike ndoana. Mshipi hupita juu ya kidole cha shahada. Hapo ndipo samaki husikika akidona. Anayeanza huvuta kwa papara mdono wa kwanza. Bora angoje uzi uvutwe kweli. Na asiuzungushe mshipi mkononi hata kidogo, kwani kolekole mmoja mwenye nguvu anatosha kuukata mkono.

Hayo yote hujifunzwa kwa siku moja. Maji ndiyo yanayotaka akili, na ndiyo yanayoweza kuua.

Bahari ya Mombasa hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, kila safari ikichukua zaidi kidogo ya saa sita, na kila siku majira husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji huwa ya bamvua: hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Katikati ya nyakati hizo, mwezi ukiwa nusu, huwa maji mafu, ambayo tofauti yake ni mita 1 na kitu tu. Siku za bamvua maji hupwa karibu na saa nne asubuhi na kujaa karibu na saa kumi jioni.

Hatari iko hapo katikati. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Huanza polepole, hukimbia katika saa ya tatu na ya nne, kisha hutulia tena. Mtu aliyeshuka kwenye mwamba mkavu saa sita mchana siku ya bamvua anaweza, ifikapo saa nane, kukuta maji yamepanda kwa mita moja na nusu. Hicho ni kimo cha kufika shingoni mwa watu wazima wengi, na ni zaidi ya kimo cha watoto wengi. Njia aliyoshukia tayari imezama, na nyuma yake kuna ukuta wa mawe. Kwa hiyo anayeanza achague siku za maji mafu, asivue peke yake, na aijue njia ya kupandia kabla ya kutia chambo. Maji mafu yana faida nyingine: mkondo ni mpole na chubwi hutulia chini. Kusi linapovuma, hasa Juni hadi Agosti, upande wa Mama Ngina hupigwa na mawimbi ya bahari kuu, na ndani ya hori la Mbaraki huwa shwari zaidi.

Gati la Mbaraki ni eneo la bandari, halivuliwi bila ruhusa. Uvuvi wote nchini uko chini ya sheria ya mwaka 2016, hivyo ni vyema kuuliza ofisi ya uvuvi ya kaunti au kamati ya BMU iliyo karibu kuhusu leseni na maeneo kabla ya kuanza. Mabaki ya uzi yarudi nyumbani. Yakibaki majini huwanasa kasa na ndege.

Samaki wachanga hurudishwa majini. Tafi na ngogo washikwe kwa kitambaa, maana miiba yao ina sumu. Aliyechomwa atumbukize mahali hapo kwenye maji ya moto anayoweza kuyavumilia, kwa nusu saa au zaidi, kisha aende kwa daktari.

Bunju ni jambo jingine. Hana magamba, meno yake ni kama mdomo wa kasuku, na akitolewa majini hujivimbisha. Haliwi. Sumu yake haiishi kwa kupikwa, kwa chumvi wala kwa ndimu, na haina dawa ya kuizima. Hospitalini mgonjwa husaidiwa kupumua mpaka imtoke mwilini. Aliyemla akihisi midomo na ulimi vikifa ganzi apelekwe hospitali saa ile ile, hata kama bado anatembea na kuzungumza. Bunju aliyenaswa arudishwe majini, asiachwe juu ya mawe wanapopita watoto.