KUPAKIA TELA: SI UZITO TU, BALI NA MAHALI PAKE

Mtu akisimama asubuhi kando ya First Avenue, mtaa wa Eastleigh jijini Nairobi, ataona somo hili mbele ya macho yake. Mchukuzi wa mkokoteni hupanga magunia juu ya magurudumu mawili, kisha huinua mikono ya mkokoteni kidogo ili apime. Magunia yakizidi nyuma, mikono hupanda juu na kutaka kumnyanyua. Yakizidi mbele, humlemea mabega. Uzito ni ule ule. Kilichobadilika ni mahali pake.

Tela linalovutwa na lori hufuata kanuni hiyo hiyo. Kwa mbele, tela huegemea kiungo kilicho juu ya magurudumu ya nyuma ya lori. Kwa nyuma huegemea magurudumu yake lenyewe. Na utwaliwe mfano wa tela ambalo toka kiungo hicho hata katikati ya magurudumu yake ni meta 8, nalo limepakiwa tani 24. Kitovu cha mzigo kikiwa katikati, lori hubeba tani 12 na magurudumu ya tela tani 12. Kikisogezwa mbele meta 2, lori hubeba tani 18 na magurudumu ya tela tani 6. Kikisogezwa nyuma meta 2, mambo huwa kinyume.

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki huruhusu tani 18 kwa ekseli mbili za nyuma za lori kubwa, pamoja na uzito wa gari lenyewe. Basi lori lililopakiwa mbele mno laweza kukamatwa penye mizani ya Mlolongo, ingawa mwenye mali hakuongeza hata gunia moja.

Lakini faini si hasara kubwa kuliko zote. Magurudumu ya tela yakiwa mepesi, dereva akikanyaga breki kwa ghafula huweza kujifunga na kuteleza, na mkia wa tela ukayumba hata upande wa pili wa barabara. Mzigo ukizidi nyuma, magurudumu ya lori hayashiki barabara vema, hasa wakati wa mvua. Na breki zikishikwa penye kona, tela huweza kulisukuma lori hata viwili hivyo vikunjane. Ama mzigo uliolala upande mmoja, au uliorundikwa juu sana, hulipindua gari penye kona hata kama mwendo si wa kasi.

Hatari nyingine huzaliwa mjini. Tela hufika Eastleigh likiwa limepangwa sawasawa, likapakuliwa nusu katika duka la kwanza. Kwa kuwa milango iko nyuma, hutolewa vitu vya nyuma, na vizito vyote hubaki mbele. Gari lile si lile lililotoka Mombasa, wala breki zake hazitajibu kama asubuhi. Na njiani wamo wachuuzi, watoto wa shule na wenye mikokoteni.

Kwa hiyo yafaa wapakiaji wayashike haya. Vitu vizito, kama vigae na saruji, viwekwe chini. Vyepesi, kama magodoro na majora ya nguo, viwe juu. Uzito wa kulia na wa kushoto ulingane. Mzigo ufungwe kwa kamba au minyororo imara, maana mzigo ulegeao huhama wenyewe. Kila baada ya kupakua, uliobaki upangwe upya na kufungwa tena kabla gari halijaondoka. Naye dereva azunguke gari lake na kulitazama: likiinama upande mmoja, asiliondoe.

Wazee walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mpakiaji hurudi nyumbani kwa miguu. Dereva ndiye aendaye na mzigo ule barabarani. Robo saa ya kupanga vema huenda ikaokoa mali, na pia roho za watu wasiojua hata kilichomo ndani ya tela.