Joto la Kaskazi na Saumu ya Mwenye Kazi Nzito

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake: jueni, ndugu zangu, ya kuwa mwaka 2025 Ramadhani iliingia mwanzo wa Machi, na kaskazi ingali kali. Mahamali na waashi huuliza: je, yafaa kufungua mchana?

Mwili hupoa kwa kukauka jasho. Walakini hewa ya pwani yetu ina unyevu mwingi. Jasho hubaki juu ya ngozi, na mbeba magunia hupoteza maji pasipo kupoa.

Katika madhehebu yetu ya Shafii, asiyeweza kuiacha kazi yake wala kuiahirisha hata usiku, yampasa anuie usiku na kupambazukiwa hali amefunga. Akipatwa na mashaka makubwa mchana, hapo ndipo afungue. Na mwenye kuchelea kufa kwa kiu, kufungua ni wajibu juu yake, ajapokuwa mzima tena yuko mjini kwake. Nimewasikia vijana wakijisifu kwa kuanguka na saumu. Huo si ucha Mungu, ni ujinga.

Mtu akishikwa na kizunguzungu na maneno yakamchanganyika, mlazeni kivulini, mpunguzeni nguo, mlowesheni maji huku mkimpepea, na tabibu aitwe upesi. Mwenye fahamu anyweshwe kidogo kidogo. Aliyezimia asitiwe kitu kinywani.

Siku aliyofungua hulipa siku moja, wala hana kafara. Akichelewesha bila udhuru hata Ramadhani nyingine ikaingia, hulipa pamoja na kutoa mudi moja ya chakula kwa kila siku.