Simu Ikukumbushe kwa Saa Yako

Mtu wa Haydom akiambiwa basi la Arusha linaondoka saa kumi na moja alfajiri, haulizi mara mbili. Shida huanza anaposhika simu kutega alamu. Anaandika 11:00, anaiweka chini ya mto, analala. Simu inatii kama ilivyoagizwa: inalia saa tano asubuhi, abiria wenzake wakiwa wameshaipita Babati. Hakuna kilichoharibika humo ndani. Simu, iwe ya Android au iPhone, huanza kuhesabu saa usiku wa manane. Sisi tunaanza jua linapochomoza. Android inakubali lugha ya Kiswahili, nami nakushauri uiwashe, lakini maneno tu ndiyo yatakayobadilika. Saa itabaki ileile ya kigeni.

Usipige hesabu ya kujumlisha na kutoa sita ukiwa na usingizi. Ukienda kupanga muda kwenye Android, mara nyingi hujitokeza uso wa saa ya duara. Gusa namba inayotazamana na ile unayoitamka. Saa mbili, gusa 8. Saa nne, gusa 10. Saa kumi na moja, gusa 5. Basi.

Kisha ingia kwenye Mipangilio, sehemu ya tarehe na saa, uwashe mfumo wa saa 24. Herufi za AM na PM zimewaponza wengi: mtu amekusudia dawa ya saa mbili usiku, simu inamlilia saa mbili asubuhi yuko shambani, anaizima, na usiku hakuna cha kumkumbusha. Kwenye mfumo wa saa 24, asubuhi ni 08:00 na usiku ni 20:00. Huwezi kuzichanganya ukiwa macho. Duara lake lina mizunguko miwili ya namba, ila kanuni ya kutazamana ni ileile.

Kuna mtego mwingine mdogo. Simu hubadili tarehe saa sita usiku. Kwa hiyo safari ya saa kumi usiku wa kuamkia Jumanne iandike Jumanne, 04:00, hata kama wewe na mwenye basi mmekuwa mkiita usiku huo Jumatatu.

Sasa, alamu au kalenda? Wengi ninaowasikia wakilalamikia simu zao wanatumia alamu kwa kazi ya kalenda. Alamu inafaa kwa jambo la kila siku au la siku fulani za wiki: kuamka, dawa, kumchukua mtoto shule. Inapiga kelele mpaka uizime, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Lakini alamu nyingi hazijui mwezi. Kalenda inajua mwezi na mwaka, ila sauti yake ni mlio mfupi mmoja, na ukiwa unapukuchua mahindi hutausikia. Jambo kubwa liweke kote kuwili: kalenda ikuarifu siku moja kabla, na jioni hiyo utege alamu ya kesho.

Kalenda ya Google ina vitu viwili ambavyo watu huvichanganya, hasa tangu mwaka 2023 kampuni hiyo ilipoviondoa vikumbusho vya zamani na kuvigeuza kuwa majukumu. Tukio lina muda wake, na muda ukipita limepita. Jukumu linabaki kwenye orodha mpaka ulitie alama kwamba umelimaliza. Kikao cha VICOBA ni tukio. Kumlipa fundi wa bomba ni jukumu, maana deni halifi kwa sababu Ijumaa imepita. Wapo waliochukizwa na mabadiliko hayo. Mimi nayaona yamesaidia. Kwa wenye iPhone, programu ya vikumbusho na kalenda zilikuwa zikikaa mbalimbali mpaka toleo la iOS 18 la mwaka 2024, ambalo linakuonyesha vikumbusho ndani ya kalenda.

Minada ya huku mingine huenda kwa tarehe ya mwezi, mingine kwa siku ya wiki. Kalenda inaziweza zote mbili kwenye sehemu ya kurudia: chagua kila wiki, au kila mwezi tarehe hiyo, au kila mwezi Jumamosi ya kwanza kama kikundi chenu kinakutana hivyo. Jihadhari na tarehe 31. Ukiamuru tukio lirudie kila mwezi tarehe 31, kalenda itairuka miezi isiyo na tarehe hiyo, na Februari, Aprili, Juni, Septemba na Novemba utakaa kimya bila taarifa. Marejesho ya mwisho wa mwezi yaandike tarehe 28, upate na siku za kutafuta hela.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lote. Kikumbusho kinatakiwa kilie pale unapoweza kufanya jambo lenyewe. Mfugaji wa Bassotu anayekumbushwa chanjo ya kuku siku ya kuchanja, dawa ikiwa dukani Katesh, amekumbushwa bure. Cha kwake kilie asubuhi ya mnada, kabla hajatoka nyumbani, kikisema: nunua chanjo ya mdondo, beba chombo cha ubaridi. Na kiandike kwa kitenzi. "Kuku" peke yake, ukilisoma baada ya miezi mitatu, halikuambii kama ulitaka kuwauza, kuwachanja au kumpelekea shemeji jogoo.

Mfano mzuri kuliko yote ni kliniki ya mtoto. Ratiba ya chanjo ya Tanzania humwita mtoto akizaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, halafu miezi 9 na miezi 18 kwa surua na rubela. Angalia zile wiki tatu: zinaachana kwa wiki nne nne, na zote zinaangukia siku ileile ya wiki aliyozaliwa. Mtoto aliyezaliwa Jumanne tarehe 6 Januari 2026 anafikisha wiki sita Jumanne tarehe 17 Februari. Fungua tukio siku hiyo, agiza lirudie kila baada ya wiki 4, limalizike baada ya mara 3. Lenyewe litakuletea 17 Machi na 14 Aprili. Ongeza matukio mawili ya peke yake, tarehe 6 Oktoba 2026 na 6 Julai 2027, na umemaliza ratiba ya mwaka mmoja na nusu ukiwa bado umekaa kitandani. Zahanati yako ikiwa na siku maalumu za kliniki, sogeza tukio mpaka siku ya kliniki inayofuata, wala usilirudishe nyuma. Kadi ya kliniki ndiyo yenye kauli ya mwisho. Muuguzi akiandika tarehe nyingine, badili kwenye simu palepale kabla hujatoka kwenye benchi.

Tarehe hizo mtumie na baba. Kwenye tukio la Kalenda ya Google kuna sehemu ya kumwalika mtu kwa anwani yake ya barua pepe, naye atalipata kwenye simu yake. Mwenye kitochi, ile simu ndogo ya vitufe, anaweza kupata faida hiyo kwa ujumbe mfupi wa kawaida, na wazo hilo si geni nchini: huduma ya Wazazi Nipendeni, iliyoanza mwaka 2012, iliwatumia wajawazito na akina mama ujumbe bila malipo, kwa simu ya aina yoyote.

Kwenye zizi, hesabu ni za namna hiyohiyo. Ng'ombe aliyepandwa mtazame siku ya 21. Akirudi joto, hakushika. Andika tukio siku ya 20, jioni, ili kesho yake uamke ukimwangalia. Nguruwe, ambao Mbulu wanafugwa sana, hubeba mimba kwa siku 114 hivi, au kama wafugaji wanavyosema, miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu. Aliyepandwa tarehe 1 Machi mtegemee kama tarehe 23 Juni. Lakini tukio lenye manufaa liweke tarehe 16, wiki moja kabla: tengeneza banda, weka majani makavu. Siku ya kuzaa yenyewe atakukumbusha mwenyewe kwa makelele.

Sasa tuje kwenye lalamiko la kweli: umepanga vizuri, saa ni sahihi, na simu haikulia. Mara nyingi mkosaji ni betri. Tangu Android 6 ya mwaka 2015, mfumo huo huilaza simu iliyotulia bila kuguswa ili chaji idumu, na simu za bei nafuu zinazojaa madukani kwetu, Tecno, Infinix, itel, zimeongezewa mbinu zao za kufunga programu zinazofanya kazi nyuma ya pazia. Mtu anayechajisha kwa sola anaushukuru mpango huo, na ana haki. Ila mwambie mfumo usiiguse kalenda: Mipangilio, Programu, chagua kalenda yako, ingia kwenye betri, uiruhusu itumie betri bila vizuizi. Kuziachia programu mbili tu, kalenda na saa, hakumalizi chaji. Zile programu za "kusafisha simu" zinazoahidi kuongeza kasi ziondoe kabisa; kazi yao kubwa ni kuzifunga zile unazozitegemea.

Mkosaji wa pili ni ruhusa. Kuanzia Android 13 ya mwaka 2022, programu unayoipakua lazima ikuombe ruhusa ya kutuma arifa. Kwa haraka, na kwa kuchoshwa na matangazo, watu hubonyeza kukataa. Programu inabaki na tarehe zako zote, imefungwa mdomo. Rudi kwenye Mipangilio, Arifa, uiwashe. Ukiwa hapo angalia na sauti: simu ina sauti ya muziki, ya mlio wa simu, ya arifa na ya alamu, kila moja na kipimo chake, na aliyeshusha ya arifa kanisani Jumapili anaweza kukaa hivyo mpaka Pasaka.

Ukimaliza, ijaribu. Panga tukio la dakika ishirini zijazo, zima kioo, iache mezani usiiguse. Ikilia, iamini.

Mtandao usikutie hofu. Anayechunga Yaeda Chini au aliye kwenye korongo lisilo na mnara atakumbushwa vilevile, kwa sababu tarehe alizoandika ziko ndani ya simu. Mtandao unahitajika tu ili zifike kwenye akaunti yake. Cha kuangalia ni simu iliyokaa siku nyingi bila chaji. Inapowashwa mahali pasipo na mtandao, tarehe yake inaweza kuwa imepotea, na kalenda yote inakwenda na uongo huo. Itazame tarehe kwanza.

Na simu ikizimika usiku? Hapa wazee wanaong'ang'ania kitochi wana hoja ambayo vijana hawaijibu. Nokia za zamani zililia alamu hata zikiwa zimezimwa. Simu janja nyingi hazifanyi hivyo. Baadhi zina sehemu ya kupanga muda wa kujizima na kujiwasha. Itafute kwenye Mipangilio, na ukiikuta, ipange iwake dakika kumi kabla ya alamu. Usipoikuta, kitochi cha bei ndogo kando ya kitanda bado ni saa nzuri ya kuamkia safari, na sioni aibu yoyote kulisema.

Kwa bibi asiyesoma, maandishi kwenye kioo hayana maana. Fungua kinasa sauti, sema kwa lugha anayoisikia vizuri, Kiiraqw au Kidatoga, kwamba ni wakati wa dawa ya presha, anywe na maji. Kisha ingia kwenye alamu, sehemu ya kuchagua mlio, uiweke sauti hiyo badala ya muziki. Sauti ya mjukuu ikimwita saa mbili usiku haihitaji maelezo.

Dawa zina jambo jingine. Simu huonyesha kichwa cha kikumbusho hata ikiwa imefungwa, na nyumbani simu hushikwa na wengi. Anayetumia dawa ambazo hataki zijulikane asiandike jina la dawa hizo. Aandike "maji" au "funga mlango", neno analolielewa peke yake. Vilevile unaweza kuamuru kioo kilichofungwa kifiche yaliyomo kwenye arifa.

La mwisho ni akaunti, nalo ndilo linalopuuzwa kuliko yote. Wengi wetu tulifunguliwa Gmail na muuza simu au fundi, siku ya kununua, naye ndiye aliyechagua nywila na huenda akaandika namba yake ya simu humo. Kalenda yako inakaa kwenye akaunti hiyo. Ingia kwenye usimamizi wa akaunti, badili nywila, weka namba yako mwenyewe ya kurejeshea, na uiandike nywila kwenye daftari linalobaki nyumbani. Halafu hakikisha kila tukio unalofungua linahifadhiwa kwenye akaunti, maana simu nyingine huwa na kalenda ya ndani inayopotea pamoja nayo. Siku ya kubadili simu, ingia kwenye mpya kwa akaunti ileile, subiri tarehe zako zishuke, uhakikishe chanjo na marejesho yapo, ndipo ufute kila kitu kwenye ya zamani na kuipeleka mnadani.