Faili Iliyolala Mezani

Turudi Luka 3:12-13. Watoza ushuru walipomwuliza Yohana wafanye nini, hakuwaambia waache kazi. Aliwakataza kutoza zaidi ya kiwango kilichowekwa.

Mwaka 1983, kule Lima, Peru, watafiti wa Hernando de Soto walijaribu kusajili karakana ndogo ya kushona nguo kwa njia halali. Siku 289! Waliombwa hongo mara 10. Mara 2 ilibidi walipe, la sivyo wangekwama. Fundi mwenye watoto angeweza kungoja hivyo? Wengi walibaki nje ya sheria.

Sisi tunamlaumu mama mboga kwamba hana leseni. Lakini wewe ndugu mwenye muhuri, faili yake imelala mezani kwako tangu lini? Hujaomba chai, sawa. Lakini kila ukimwambia "njoo kesho", anajua unachongoja. Jumatatu anza na hiyo.