Kufundisha Upimaji wa Unururifu Hafifu

Vitabu vingi vya fizikia hueleza unururifu, yaani tabia ya baadhi ya viini vya atomu kujivunja vyenyewe na kutoa mionzi, kwa kutumia chanzo kikali. Kaunta ya Geiger hulia mfululizo, mwanafunzi huandika namba, na somo huisha. Lakini mionzi iliyomo katika udongo, maji na chakula aghalabu ni hafifu mno. Wananchi waishio karibu na fosfeti ya Minjingu, yenye urani kuliko udongo wa kawaida, au karibu na kilima cha Mrima huko Kwale, Kenya, chenye thoriamu nyingi, wana haki ya kuuliza kipimo kilichochukuliwa kwao kina maana gani. Makala haya yanakusudia kumsaidia mwalimu kufundisha jambo moja hasa: kwamba “hakikuonekana kitu” si sawa na “hakuna kitu”.

Yafaa kuanza na kaunta isiyowekewa chochote. Hata hapo italia. Mionzi hiyo hutoka anga za juu, kuta na sakafu, na gesi ya radoni itokayo ardhini. Huongezeka kadiri tunavyopanda milimani, na huweza kupanda mvua inaponyesha, kwa kuwa mvua huteremsha mazao ya radoni. Kwa hiyo milio ya kaunta tupu ihesabiwe kabla na baada ya kila sampuli, mahali pale pale. Namba iliyoandikwa mwaka jana haifai.

Tuseme kaunta tupu hutoa wastani wa milio 20 kwa dakika, na ikiwekewa sampuli hutoa 22. Mwanafunzi atajibu upesi kwamba sampuli imeongeza milio 2. Hapo mwalimu hana budi kumsimamisha. Viini hujivunja kwa bahati nasibu, na shaka ya hesabu yoyote ya milio ni kama kipeuo chake cha pili. Katika dakika moja, 20 ina shaka ya 4.5 na 22 ina shaka ya 4.7. Tunapotoa, hesabu hupungua lakini shaka haipungui: shaka ya tofauti ni kipeuo cha pili cha jumla ya 42, yaani 6.5. Jibu ni 2, zaidi au pungufu 6.5, na jibu la namna hiyo halisemi lolote. Tukihesabu kwa dakika 100 kila upande, tutapata 2,000 na 2,200. Tofauti ni 200, na shaka yake 65. Kwa dakika moja ni 2.0, shaka 0.65. Sasa tuna la kusema. Tukitaka shaka ipungue nusu, tuhesabu kwa dakika 400.

Mwaka 1968 mkemia wa Marekani, Lloyd Currie, alitenganisha maswali mawili ambayo watu walizoea kuyachanganya. La kwanza: ziada gani yatosha kusema kitu kimeonekana? La pili: ziada gani tunaweza kuahidi kwamba haitatupita? Kwa milio tupu 2,000, tukikubali kukosea mara 5 katika 100, jibu la kwanza ni milio 104 hivi, na la pili ni 211 hivi. Sampuli ambayo ziada yake ya kweli ni 104 itatupita katika nusu ya majaribio, ingawa ipo.

Njia nyingine ni kupunguza mionzi ya nje. Matofali ya madini ya risasi yakishusha milio tupu kutoka 20 hadi 5, dakika 100 hutoa shaka ya 0.35, karibu sawa na dakika 400 bila kinga. Kinga nayo yaweza kuwa na mionzi yake. Majaribio ya mabomu ya nyuklia, yaliyoanza mwaka 1945, yalichafua hewa itumikayo kufulia chuma, hata maabara nyingine zikatafuta chuma cha meli za Ujerumani zilizozamishwa Scapa Flow, Uskoti, mwaka 1919.

Shule isiyo na kaunta isikate tamaa. Zihesabiwe punje za mahindi 4,000 katika kila debe. Darasa la wanafunzi 40 hulimaliza zoezi hilo upesi. Katika debe la kwanza punje 200 zipakwe wino, katika la pili 220. Wanafunzi wasiambiwe lipi ni lipi. Kila kundi lichote kikombe cha punje 400 hivi, lihesabu zenye wino, lirudishe na kuchanganya. Kwa kikombe kimoja makundi yatabishana vikali, na ubishi huo ndio somo lenyewe. Wakijumlisha vikombe 100 kwa kila debe, ubishi aghalabu hukoma.

Penye kaunta, chumvi ya potasiamu kloridi ni kipimo rafiki. Gramu moja hutoa karibu bekereli 16, yaani viini 16 hujivunja kila sekunde, kutokana na potasiamu 40. Gramu 10 huvunja viini 9,600 kwa dakika. Kaunta ikionyesha ziada ya milio 96, inakamata mmoja katika 100. Sukari ya ujazo ule ule, katika chombo kile kile, hufaa kuwa sampuli tupu.

Wanafunzi wakipima maharage makavu watapata ziada pia, kwani kilo moja ina karibu bekereli 400 za potasiamu hiyo ya asili. Baada ya ajali ya Chernobyl ya Aprili 1986, nchi za Jumuiya ya Ulaya ziliweka kikomo cha bekereli 370 za seziamu kwa kilo ya maziwa, na 600 kwa vyakula vingine. Kaunta ya Geiger haiwezi kutenganisha seziamu na potasiamu. Kazi hiyo huhitaji kigunduzi kinachopima nishati ya kila mwonzi, kama kile cha jerimani.

Katika kusahihisha, “2.0, shaka 0.65, dakika 100” ipewe alama zote. “2” peke yake ipewe nusu. Aliyehesabu kwa dakika moja akaandika “hakuna mionzi” arudishiwe daftari, aandike upya: “haikuonekana”, pamoja na muda aliohesabu.