Kwa Nini Maji Matupu Hayakuzi Mmea

Mkulima aonapo mahindi yake yamegeuka manjano katikati ya masika, husema kwamba mvua imezidi. Hasemi uongo. Hata hivyo, maji yenyewe siyo yaliyoyapaka majani rangi hiyo, na asiyejua kilichotokea aweza kupoteza mavuno.

Watu wa kale waliamini kuwa mmea hula udongo. Jan Baptist van Helmont wa Brussels alilipima jambo hili kwa mizani. Alitia ratili 200 za udongo mkavu katika chungu, akapanda mche wa ratili 5 wa mti uotao kando ya mito ya Ulaya, akaunywesha maji tu. Baada ya miaka 5 mti ulikuwa na ratili 169 na zaidi. Udongo ulikuwa umepungua wakia 2 hivi. Katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1648, baada ya kufa kwake, alihukumu kwamba mti wote umetokana na maji. Vipimo vyake vyastahili sifa. Hukumu ilikuwa na kasoro. Hakujua kwamba majani huchukua kabonidayoksaidi hewani na, kwa nguvu ya jua, huiunganisha na maji kuwa sukari. Na zile wakia 2 hakuzijali.

Mwaka 1699 Mwingereza John Woodward alichapisha habari za majaribio yake ya kuotesha mnanaa katika maji ya namna mbalimbali. Uliotiwa maji yenye udongo wa bustani ulikua kuliko ule wa maji ya mvua. Basi kulikuwa na kitu katika udongo.

Kitu hicho ni madini. Leo twajua elementi 14 ambazo mmea huzipata hasa ardhini, nyingine kwa kiasi kidogo mno. Naitrojeni, kwa mfano, imo katika protini na katika klorofili, ile rangi ya kijani. Mizizi huzipokea zikiwa zimeyeyuka majini tu; kwa hiyo katika udongo mkavu mmea huona njaa juu ya kiu. Lakini mchukuzi huyu pia hupokonya: nitrati haishikamani na chembe za udongo, na mvua kubwa huiteremsha chini kupita mizizi. Hiyo ndiyo siri ya manjano ya masika.

Mmea uliokosa naitrojeni huinyang'anya kutoka majani ya zamani na kuyapa machanga. Kwa hiyo tazama majani ya chini ya mhindi: manjano ikianzia nchani na kufuata mshipa wa kati, naitrojeni imepungua, kingo zikiungua, shuku potasiamu. Chuma hakihamishiki hivyo, na upungufu wake huonekana kwanza katika majani machanga.

Wanafunzi na walifanyie jaribio. Osheni mchanga mpaka maji yatoke maangavu, mjaze makopo mawili yaliyotobolewa chini, mpande mahindi. Kopo moja lipewe maji ya mvua. La pili maji hayo hayo yaliyotiwa gramu 1 ya mbolea ya NPK kwa kila lita. Siku za mwanzo hamtaona tofauti, kwani mche hula akiba iliyomo katika mbegu. Akiba ikiisha, andikeni kila siku ni jani lipi lililoanza kufifia.